Mada ya korosho katoa mtu wa Nyanda za Juu, sisi wa Mtwara tumekaa kimya safu nzima. Kwa nini?

#1 TawiLaMkorosho
Wakuu, habari za jioni. Nasoma ununuzi na ugavi mwaka wa tatu, chuo kimojawapo hapa Mtwara mjini. Nimerudi juzi kutoka Dodoma kwenye kongamano la wanafunzi wa fani yetu, na kuna jambo limenikaa kooni.

Siku ya pili asubuhi alipanda jukwaani kijana wa chuo kimoja cha Nyanda za Juu, mada yake mnyororo wa ugavi wa korosho. Slaidi safi, sauti inasikika mpaka mlangoni. Akaeleza kwamba mnunuzi anafika ghalani, anapatana bei na mkulima, analipa, anapakia. Mimi nimezaliwa Tandahimba, nyumbani tunakula na kusomeshwa na mikorosho. Mkulima na mnunuzi hata hawaonani! Mkulima anaokota, anaanika, anapeleka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, mzigo unapimwa, unakwenda ghala kuu, unapangwa daraja, unaingia mnadani. Mnunuzi akishalipa, fedha zinashuka benki baada ya makato. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, umeanza kwenye korosho huku kwetu msimu wa 2007/2008. Hiyo si siri ya mtu.

Maiki ikapitishwa kwa maswali. Tulikuwa safu nzima ya watu waliotoka Mtwara. Hakuna mkono ulionyooshwa. Wakauliza wa Dar, wakauliza wa Mzumbe, mwenyekiti akafunga.

Hoja yangu ni kwamba vyuo vyetu vinatufundisha kufaulu mtihani, havitufundishi kusimama na kusema. Nipeni na zenu.

#2 KambaYaNanga
Hapo hakuna fumbo, ni ung'eng'e tu. Slaidi za kizungu, maswali ya kizungu, na wa vyuo vikubwa wamegeuza shingo wanakuangalia. Nani anataka kuchapia mbele ya ukumbi mzima halafu kipande kizunguke WhatsApp wiki nzima? Angetoa mada kwa Kiswahili mngemvamia kama siafu.

#3 DadaLigula
Mkuu #2, lugha ni sehemu tu. Mimi ni wa famasia. Kongamano letu mwenyekiti alisema wazi kwamba anayetaka kuuliza kwa Kiswahili aulize, na bado watu wa huku tulikuwa tunatazama viatu.

Mimi naweka uchovu. Watu hawahesabu safari yetu. Unapanda basi Mtwara alfajiri, Lindi, Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri, mpaka Mbagala jioni. Unalala kwa ndugu, watu wanne chumba kimoja. Kesho yake unatafuta usafiri wa Dodoma. Wenzako wametoka hosteli iliyo mtaa wa pili, wameoga, wamekunywa chai. Wewe ukikaa kwenye kiti laini ni usingizi moja kwa moja.

#4 MzeeWaNdundu
Vijana, uchovu gani huo? Sisi miaka ya tisini tulivuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu. Masika ikishika, magari yanapanga foleni na watu wanalala porini, chakula ni samaki na mihogo ya wenyeji. Tukifika Dar tunajadili mpaka wenyeji wanatuomba tupumzike. Leo mna Daraja la Mkapa tangu 2003, na kutoka Dar mpaka Dodoma kuna treni ya umeme tangu 2024. Tafuteni sababu nyingine.

#5 Bajaji ya Chuno
Mzee #4 shikamoo. Daraja lipo, tunashukuru, lakini barabara ni hiyohiyo moja. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika pale Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Rafiki yangu alikuwa njiani kwenda kwenye usaili, hakufika. Ukisafiri kutoka huku roho haitulii mpaka umeshuka. Anayeishi Morogoro hilo haliwazi kabisa.

#6 MsukumaWaPwani
Naomba niwakatize kidogo. Mimi ni mtu wa Mwanza, nasoma hapahapa Mtwara. Darasani kwetu wenyeji wa Mtwara na Lindi ni wachache, wengi tumepangwa kutoka kila kona ya nchi. Kwa hiyo mleta uzi atuambie, hiyo safu ilikuwa na akina nani? Kama nusu yao walitoka Geita na Tabora, walinyamaza kwa sababu korosho hawaijui, basi. Mimi mwenyewe mpaka naingia mwaka wa pili nilidhani korosho inamea ndani ya bibo, lile tunda la mkorosho, kumbe inaning'inia nje chini yake. Ungenipa maiki ningesema nini?

Tusiwabebeshe watu wa kusini kitu ambacho si chao.

#7 TawiLaMkorosho
#6 umegusa penyewe, shukrani. Safu ilikuwa mchanganyiko: Newala, Masasi, mimi wa Tandahimba, wengine Geita, Tabora, Temeke. Wa Geita simdai kitu. Lakini sisi tuliookota korosho kabla ya kwenda shule tulikuwepo, tukatazamana, mmoja akanibonyeza kiunoni "sema wewe", na mimi nikambonyeza mwenzangu.

#8 MamaWaMikindani
Wanangu, mie naona mnakwepa jambo moja. Huku pwani mtoto analelewa asimkatize mtu anayesema mbele za watu, tena mgeni wa watu. Ukiona kateleza unamfuata pembeni, unamwambia kwa staha. Mtoto anayenyoosha mkono ukumbini kusema "hapo si kweli" kwetu anaonekana hana malezi. Sasa mmekwenda mahali ambapo kusahihishana hadharani ndiyo heshima yenyewe, mnababaika. Sidhani kama ni woga.

Baba, ulimfuata pembeni yule kijana?

#9 TawiLaMkorosho
Mama shikamoo. Nilimfuata wakati wa chai, na hapo ndipo nilipoumia zaidi.

Kijana ni muungwana kabisa. Aliniambia hajawahi kuuona mkorosho kwa macho. Takwimu za uzalishaji alizitoa kwenye taarifa za Bodi ya Korosho, zile ziko mtandaoni, na zilikuwa sahihi. Ile sehemu ya mnunuzi na mkulima aliijaza kwa kufikiria anavyojua biashara ya mahindi kwao. Nikamchorea njia ya mzigo kwenye karatasi, kuanzia AMCOS mpaka bandarini. Akaipiga picha, akachukua namba yangu, akaniuliza: kwa nini hukuitoa mada hii wewe? Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kwamba tangazo la kuwasilisha muhtasari lilitufikia tarehe ya mwisho ikiwa imeshapita.

#10 CR Mstaafu
Basi jibu umelitoa mwenyewe kwenye #9. Tangazo. Nimekuwa kiongozi wa darasa, naijua njia yake. Linaandikwa Dar au Dodoma, linakwenda kwa viongozi wa chama cha wanafunzi, kutoka hapo kwa matawi. Tawi likiwa limelala, tangazo nalo linalala. Vyuo vyenye matawi yaliyo hai, viongozi wao ndio wanaokaa kwenye kamati ya maandalizi, wanajua mada kuu miezi mingi kabla. Wewe unaletewa ratiba na kuambiwa uchangie nauli. Umealikwa kusikiliza.

Na mada zenyewe huwa za mjini: TANePS, ule mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni, mikataba mikubwa, reli. Shamba halimo.

#11 SapuSitaki
#10 si kweli kwamba tangazo halifiki, angalau si kila mara. Mwaka mmoja nililiona mapema, nikaliweka kwenye grupu la darasa. Jibu la kwanza: "Bumu limetoka?" yaani hela ya mkopo. La pili: "Kuna mwenye desa la Ugavi wa Kimataifa?" La tatu mtu akatuma stika ya mbuzi. Likazama chini ya meseji za mechi ya Simba na Yanga, hakuna aliyelifukua.

Lakini siwalaumu, na hapa nasema kwa uchungu. Mwenye mkopo anapata shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Humo utoe kodi ya geto, umeme, maji, kutoa kopi. Halafu kiingilio cha kongamano, nauli kwenda na kurudi, kulala Dodoma, na suti. Wenzangu waliokwenda waliishi kwa mihogo ya kuchoma mpaka bumu lililofuata.

#12 BintiWaNanyumbu
Na huyo ni mwenye mkopo. Sisi wa diploma wengi tunasomeshwa na korosho moja kwa moja. Nyumbani fedha zinaonekana minada ikianza Oktoba, mpaka Desemba hivi. Likitangazwa kongamano la Mei au Juni, nani ana hela? Huo ndio wakati wa kupalilia na kujiandaa kupuliza salfa, kila shilingi imeelekezwa kwenye ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho. Nikimpigia baba simu kumwomba nauli ya kwenda kusikiliza watu wakiongea Dodoma, najua atauza kuku. Siwezi.

Waandaaji wangeliweka Desemba wangeona Mtwara inavyojaza ukumbi.

#13 KambaYaNanga
#12 Desemba wenye hela za korosho wananunua bodaboda, kongamano watalisikia redioni 😄

#14 BintiWaNanyumbu
#13 baba yangu amenunua vitanda vya shule na kulipa ada ya watoto watatu. Bodaboda ni za kwenu.

#15 StooKeeper
Wadau habari. Mimi nilihitimu Mtwara, sasa niko kitengo cha ununuzi kwenye halmashauri moja ya mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi. Kwanza #10, TANePS imeshaondoka. Tangu Oktoba 2023 ununuzi wa umma unapita kwenye NeST, mfumo mpya wa mtandaoni, na Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 ilianza kutumika Juni 2024. Mtu akienda kwenye usaili akajibu TANePS anarudishwa mlangoni.

Pili, mnadhani kongamano ni maiki. Mimi nilikwenda, sikusema neno lolote ukumbini, na silii. Wakati wa chakula cha mchana nilikaa meza moja na afisa ugavi wa taasisi fulani, nikamuuliza anavyopanga mpango wa ununuzi wa mwaka. Akanieleza mpaka sahani zikaondolewa. Mwezi uliofuata nikaomba fildi kwake, nikapata, na huko ndiko nilikojifunza kuandaa nyaraka za zabuni ambazo darasani tulizisoma kwa picha. Mitihani ya bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, yaani PSPTB, niliianza nikiwa najua inaulizaje. Kwa hiyo kijana wa Tandahimba, ulipomchorea yule mwenzako karatasi, ulifanya kazi ya kongamano. Usijione umerudi mtupu.

#16 KambaYaNanga
#15 sawa, NeST. Ila yako ni bahati. Wangapi wamekula meza moja na bosi wakaambulia kadi ya mawasiliano na namba haipokelewi?

#17 Mkufunzi Asiyetajwa
Nafundisha chuo, sitasema kipi. Nimesoma kuanzia #1. Hoja ya mleta uzi kwamba tunawafundisha mtihani tu ina ukweli, na inaniuma kwa sababu darasa la watu mia tatu huwezi kumsimamisha kila mmoja atoe mada. Wanawasilisha kwa makundi, na katika kundi la kumi anazungumza mmoja, kila muhula yuleyule.

Lakini nitaongeza jambo la makazi. Nilipokuwa nasoma mimi tulilala hosteli, wengine tukibebana kitanda kimoja, na usiku kucha ni ubishi: siasa, uchumi, dini, mpira. Ulimi ulinolewa kule. Wanafunzi wengi wa hapa wamepanga mitaani, mmoja Chikongola, mwingine Magomeni, mwingine Mangamba. Kipindi kikiisha kila mtu anakimbilia bajaji. Chuo kinabaki majengo na walinzi. Huwezi kupata wasemaji kwenye chuo ambacho jioni hakina watu.

#18 Geto Namba Saba
Mwalimu shikamoo, hapo naomba tupingane. Mageto ndiyo chuo chenyewe! Kwetu Majengo tunakaa barazani mpaka mwenye nyumba anazima taa. Tunabishana kila kitu, hata hiyo sheria mpya aliyoitaja #15 tuliichambua kifungu kwa kifungu, mwenzetu mmoja alikuwa na nakala. Jumamosi tunateremka Feri kununua samaki, tunapika pamoja, ubishi unaendelea. Watu wa kuongea tunao, mzee wangu. Tatizo tunaongea Kiswahili cha barazani, na ukumbini wanataka kitu kingine: useme "nakushukuru kwa wasilisho zuri", utaje jina, utaje chuo, ndipo uulize. Hayo madoido hakuna aliyetufundisha.

#19 DadaLigula
#18 na wasichana wako wapi kwenye hiyo baraza? Dada aliyepanga Chikongola, jua likizama yuko ndani, mlango umefungwa. Ubishi wa saa nne usiku anausikia dirishani. Halafu kwenye kongamano mnashangaa safu ya wasichana iko kimya zaidi yenu.

#20 Geto Namba Saba
Hapo dada umenifunga.

#21 KusiniKwanza
Nyie mnazungusha. Mikoa hii iliachwa nyuma toka zamani. Tulikuwa na reli ya Mjerumani, ikang'olewa, ndiyo mwanzo wa kila kitu. Mtu aliyekuzwa akiambiwa kwao ni nyuma, akikaa na wa Dar anajikunja.

#22 MzeeWaNdundu
#21 reli haikuwa ya Mjerumani. Ni ya Mwingereza, wakati wa ule mradi wa karanga wa Nachingwea ulioanza 1947. Mradi ukafa mapema miaka ya hamsini, reli ikabaki inasuasua, ikafungwa 1962. Bandari ya Mtwara ya kina kirefu nayo ilizaliwa na mpango huohuo. Marehemu baba yangu aliipanda treni ile kutoka Nachingwea akiwa na magunia ya ufuta, alikuwa akitusimulia.

Ila hoja yako ya kujikunja siipingi. Nimeiona hata kwa watu wazima kazini.

#23 MsukumaWaPwani
#21 mimi wa Mwanza mbona nilijikunja vilevile? Ukumbi ulitisha. Viyoyozi, mazulia, viongozi meza kuu. Nadhani mtu yeyote anayeingia mahali pale mara ya kwanza ananyamaza, awe wa Mtwara au wa Kahama. Wale wa Mzumbe wengi wao walikuwa wanahudhuria kwa mara ya pili au ya tatu. Tungelinganisha wageni kwa wageni.

#24 MamaWaMikindani
Hilo la #23 nalo lina uzito. Harusi ya kwanza kila mtu anakaa nyuma.

#25 StooKeeper
Wakati mnabishana sababu, naomba mleta uzi aniambie mwakani anapeleka mada gani. Huku kwetu mada zinaokotwa chini. Salfa ya ruzuku inavyosafiri kutoka bandarini mpaka kijijini na inapochelewa wapi. Zile asilimia 30 za bajeti ya ununuzi wa taasisi za umma zilizotengwa kwa vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu: vikundi vya Masasi au Ruangwa vinakwama wapi kwenye NeST? Korosho kupitia bandari ya Mtwara, meli zinapatikanaje msimu ukichanganya? Naliendele kuna kituo cha utafiti wa korosho, nenda ukaombe kuzungumza na watu. Usiandike kwa kukisia kama yule mwenzako wa mahindi.

#26 TawiLaMkorosho
Kaka #25, mimi nimeshachagua: magunia. Mengi yanatoka nje ya nchi, yanaagizwa kwa kukadiria mavuno ambayo bado yako mtini, na kuna misimu yameadimika huku korosho zimelala chini kwenye maturubai. Baba alishawahi kupanga foleni AMCOS kusubiri magunia, mvua za kwanza zinanyesha. Nataka nielewe nani anakadiria, lini, na kwa hesabu gani. Wa Newala na wa Masasi tumeshakubaliana tuandike pamoja, na yule kijana wa Nyanda za Juu ameomba awemo, anajua kuchora majedwali kuliko sisi sote.

Nitaliomba liwe bango badala ya mada ya jukwaani. Bango mtu anakuja kwako mmoja mmoja, unamweleza kwa lugha yoyote.

#27 Mkufunzi Asiyetajwa
Usikimbilie bango kwa sababu ya kuogopa maiki. Peleka vyote viwili, waache wao wachague.

#28 KambaYaNanga
Mwalimu mwacheni aanze na bango. Swali: bango la saizi ya A0 linachapishwa wapi hapa Mtwara?

#29 Bajaji ya Chuno
Mafundi wa mabango ya matangazo wanaweza, wanachapisha kwenye turubai lile la plastiki. Herufi kubwa zinatoka vizuri. Herufi ndogo za majedwali zinafifia, nimeona la jamaa mmoja.

#30 DadaLigula
Sisi wa famasia tulilituma kwa simu, likachapishwa Dodoma, tukalichukua asubuhi ya kongamano. Ila hakikisheni mtu wa kule amelisoma kabla, la kwetu lilikatwa upande wa kulia na jina la mwenzetu wa nne likapotea.

#31 Geto Namba Saba
Mkichapisha huku msilikunje kwenye begi. Lizungushieni kwenye bomba la maji la plastiki, mbebe mkononi ndani ya basi. Kwenye buti litakutana na dumu za mafuta ya ufuta na samaki wakavu.

#32 TawiLaMkorosho
#30, fundi wa Dodoma mliyemtumia bado yupo? Naomba namba yake kwenye ujumbe wa faragha.